Krismasi ya 2020: Zungumzeni Kabla Mbuzi Hajanunuliwa

Simu zimeanza. "Mnakuja lini?" anauliza mama kutoka kijijini, na huku Nairobi mwanawe anaikodolea macho kalenda. Miaka mingine jibu lilikuwa tarehe tu. Mwaka huu wa 2020 kuna kafyu ya saa nne usiku hadi saa kumi alfajiri, ambayo imeongezwa mpaka tarehe 3 Januari 2021. Kuna matatu ya abiria 14 inayoruhusiwa kubeba wanane, na nauli yake mnaijua. Na kuna corona yenyewe, ambayo tumeizoea hadi barakoa zimeshuka kidevuni.

Kazi yangu ni elimu ya afya kwa jamii, lakini leo sianzi na sabuni. Naanza na hiyo simu. Familia nyingi huliahirisha jambo hili mpaka tarehe 20, mbuzi ameshalipiwa na watoto wameshaahidiwa, na hapo hakuna anayethubutu kusema tubaki. Hesabuni kurudi nyuma: siku 14 kabla ya mkesha wa Krismasi ni tarehe 10 Desemba. Anayetaka kwenda kumwona mzee wake aanze siku hiyo kupunguza mizunguko: harusi, baa, vikao vya chama cha kuweka akiba ndani ya sebule ya mtu. Ndiyo maana uamuzi hauwezi kungoja.

Sababu ni hii. Aliyeambukizwa anaweza kuwaambukiza wengine siku moja au mbili kabla hajahisi chochote. Dalili kwa kawaida huonekana siku ya tano au ya sita, na wakati mwingine huchelewa hadi ya 14. Kijana anaweza kushuka stendi Kakamega akiwa mzima, amepimwa joto na kuonekana hana neno, kumbe ameubeba. Anayemkumbatia ana miaka 70 na presha, na watu wa namna hiyo ndio ugonjwa huu unaowaumiza zaidi. Nyanya hakuufuata mjini. Ameletewa, pamoja na mkate na sukari.

Kwa hiyo mkiwa ndugu watano, kubalianeni nani anakwenda sasa na nani anangoja Pasaka. Asiyekwenda amwambie mama mwenyewe, kwa sauti yake, asimtume dada. Ujumbe kwenye kundi la WhatsApp hautoshi. Mama atauliza, "Sasa nitampikia nani?" Usimjibu kwa hotuba ya wizara. Mwambie Krismasi utampigia saa ngapi, kisha umpigie saa hiyo hiyo, watoto wakiwa karibu.

Wanaokwenda nao wana kazi yao. Watu huhofia meza ya chakula, mimi nahofia usiku. Magodoro sita sebuleni, madirisha yamefungwa kwa sababu ya mbu, na nyanya chumba cha pili mlango wazi. Huko magharibi mwa Kenya, kijana mwenye simba yake, yaani kijumba chake kando ya nyumba ya wazazi, alale humo. Kwingine, wageni wasichanganywe na wazee chumba kimoja. Dirisha liachwe wazi na chandarua kitundikwe.

Mchana kaeni nje. Kila mtu anajua chapati za Krismasi hupikwa na jeshi: mmoja anakanda, mmoja anasukuma, mmoja yuko kwenye kikaango, na wanne wamekuja kupiga domo, wote ndani ya jikoni lenye kidirisha kimoja na moshi tele. Hamisheni jiko chini ya mti, wabaki wawili. Chakula kipakuliwe na mtu mmoja kwa upawa mmoja. Kunawa kwa jagi na beseni hakuna tatizo, maji yanatiririka. Tatizo ni ile taulo inayozunguka kutoka kwa babu hadi kwa mtoto wa mwisho, ikifika imelowa chepechepe. Iondoeni. Mikono itakaushwa na upepo.

Ibada ya mkesha sharti iishe mapema ili kafyu isiwakute njiani. Ulizeni parokiani kabla ya kupanga.

Halafu pesa, ambazo wengi wanaona haya kuzitaja. Shule zinafunguliwa tarehe 4 Januari 2021, na watoto wengi wako nyumbani tangu Machi. Nauli ya watu wanne kwenda na kurudi ni sehemu ya karo. Mama naye asiachwe mikono mitupu: kutuma hadi shilingi 1,000 kwa M-Pesa hakutozwi ada mpaka tarehe 31 Desemba 2020.

Ukiamka siku ya safari na kikohozi, homa, au ukanusa chai usipate harufu, hakuna safari, hata kama tiketi imelipiwa. Piga 719, namba ya Wizara ya Afya ya kuulizia corona, ni bure.

Kwetu tumeamua mdogo wetu ndiye atakwenda, peke yake, kwa kuwa anafanyia kazi nyumbani na hakutani na watu wengi. Mama alinyamaza kidogo kwenye simu, kisha akakubali kwa sharti moja: mbuzi hachinjwi mpaka Pasaka, tutakapokuwa wote. Kwa hiyo mbuzi anaendelea kula majani.