Mzazi akipata kiharusi na kupoteza maneno: tunayoulizwa na familia Moshi na Arusha

Kiharusi ni nini?
Damu imeziba isifike sehemu ya ubongo, au mshipa umepasuka humo ndani. Mara nyingi chanzo ni presha isiyotibiwa. Kwa watu wengi lugha iko upande wa kushoto wa ubongo, hivyo anayepoteza maneno (afasia) mara nyingi hulegea pia mkono na mguu wa kulia.

Mtoto alisema, "Baba anaongea vibaya." Tukamjibu amelewa mbege, aachwe alale.
Hili tunalisikia mno. Mtoto kaona, mkubwa kamnyamazisha. Mdomo ukipinda, mkono ukilegea au maneno yakivurugika ghafla, mpelekeni hospitali usiku huohuo. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, tena baada ya kipimo cha CT (picha ya ndani ya ubongo). Asilale kwanza. Hata kama kanywa kweli, asilale kwanza.

Dalili zikiisha zenyewe?
Mpelekeni vilevile. Kiharusi kikubwa chaweza kufuata.

Tumpe maji au aspirini njiani?
Msimpe kitu. Anaweza kupaliwa, na kama mshipa umepasuka aspirini itaongeza madhara.

Bibi anasema karogwa. Tuanze kwa mganga?
Hapana, tafadhali. Wanaoanzia huko hutufikia siku kadhaa baadaye, muda wa dawa umeshapita. Na mtoto anayesikia habari za uchawi anaanza kumwogopa mzazi wake.

Aliye darasa la tatu aambiwe nini?
Ukweli. Asipoambiwa hujitungia wake, na mara nyingi huamini yeye ndiye aliyemuudhi baba hadi akaumwa. Mwambieni: "Ubongo wa baba umeumia. Si kosa lako. Ugonjwa huu hauambukizi. Anakujua, ila maneno hayatoki." Akianza kukojoa kitandani au kushuka shuleni, mwoneni mwalimu wake. Fimbo haitasaidia.

Binti wa kidato cha pili ndiye anayemwelewa mama. Abaki nyumbani?
Hapana jamani! Asaidie, asikabidhiwe. Kumwogesha mama, kumlisha, kumtafsiria benki na kliniki, yote juu ya mtoto wa shule? Shangazi na wajomba wanaokuja kutoa pole wapangiwe zamu.

Tuongee naye vipi?
Zimeni redio. Semeni sentensi fupi, onyesheni kwa kidole, kisha subirini. Msipige kelele, si kiziwi, wala akili haijamtoka. Wapo wasioweza kusema lakini wanaimba wimbo wa kanisani, basi watoto waimbe naye. Na akisema "ndiyo" mhakikishe kwa ishara, maana wengine husema "ndiyo" wakimaanisha "hapana".