Jando ni nini, na kwa nini tohara peke yake si jando

Ukimsikia mzazi wa Mafinga au Tukuyu akisema "kijana wangu ameingia jando", mara nyingi ana maana kwamba mtoto alipelekwa hospitali asubuhi, na jioni yuko nyumbani amejifunga shuka akitembea kwa kutanua miguu. Neno tumelipokea kutoka pwani na kusini, lakini tumelipokea nusu. Tohara ni kuondolewa govi, kazi ya muda mfupi. Jando ni malezi ya kumtoa mvulana utotoni na kumkabidhi kwa wanaume wenzake, na yalichukua wiki nyingi, pengine miezi.

Tazama jando lilivyopangwa kwa Wayao, Wamakua na Wamakonde. Linafanyika baada ya mavuno, na sababu ni ya ghala: wari, yaani wavulana walioko jandoni, hawalimi, wanalishwa, kwa hiyo lazima chakula kiwepo. Wavulana hutolewa majumbani na kupelekwa porini, kwenye kibanda kinachoitwa kumbi. Akina mama hawafiki huko. Anayekata ni ngariba, anayefundisha ni kungwi, na mvulana mwenyewe anaitwa mwari mpaka siku ya kutoka. Kidonda kikiwa kinapona, mafunzo yanaendelea kwa nyimbo na mafumbo: namna ya kumwamkia mkubwa, kwa nini usiingie chumbani kwa wazazi, usafi wa mwili, adabu ya msibani, kuishi na mke. Wimbo hubeba somo kwa sababu hausahauliki. Mzee wa miaka 70 bado anaweza kukuimbia aliyofundishwa kumbini, ingawa hatakuimbia mbele ya watoto. Siku ya kutoka wari wananyolewa, wanaoga, wanavaa nguo mpya na kupewa majina mapya. Kumbi linachomwa moto.

Kutengwa, kukaa pembeni, kurudishwa. Mwaka 1909 mtaalamu wa mila Arnold van Gennep alieleza kwamba hatua hizo tatu zinaonekana katika mila za namna hii duniani kote, na ndizo zinazofanya jando liwe jando. Kisu kinaweza kuwepo au kisiwepo.

Huku Nyanda za Juu Kusini kisu hakikuwepo. Wahehe, Wabena, Wakinga, Wanyakyusa na Wasafwa hawakuwa na desturi ya kutahiri wavulana, na kosa kubwa la wageni ni kudhani kwamba kwa hiyo hawakuwa na njia ya kumfanya mvulana mtu mzima. Wanyakyusa wa Rungwe na Kyela walikuwa na utaratibu ambao wataalamu wa mila waliusafiria kutoka mbali kuja kuuona: vijiji vya rika. Mvulana alichunga ng'ombe wa baba yake mpaka akifika miaka kumi au kumi na mmoja. Hapo aliacha kulala nyumbani, akaenda na wenzake kujenga vibanda pembeni mwa kijiji cha baba zao. Walilala huko pamoja, lakini chakula walikula kwa mama zao, wakienda kundi zima leo kwa huyu, kesho kwa yule. Mchana walilima mashamba ya baba. Hiyo kula na kukaa pamoja ndiyo iliyokuwa shule yenyewe, na Wanyakyusa wana neno lake, ukwangala: kuishi vizuri na wenzako, kuzungumza, kugawana, kutokula peke yako.

Sababu waliyoitoa wenyewe ilikuwa heshima. Kijana anayepevuka hastahili kulala karibu na mambo ya wazazi wake, na akioa, mkewe na baba mkwe hawapaswi kukutana hata njiani. Ukimweka kila rika na kijiji chake, aibu hiyo inaepukika. Vijana walioa, vibanda vya watoto vikageuka nyumba za watu wazima, na kadiri ya mara moja kwa kizazi, wakubwa wa rika hilo wakiwa na miaka thelathini na zaidi, ilifanyika sherehe ya ubusoka, yaani kutoka. Moto wa zamani ulizimwa majumbani, moto mpya ukapekechwa kwa vijiti, na utawala wa nchi ukahamia kwa watoto. Baba zao walisogea kuwapisha. Ukiulizwa kwa nini utaratibu huu ulikufa, anza na ardhi: migomba na kahawa vinataka shamba la kudumu, na watu wakawa wengi. Kisha ongeza vijana walioondoka kutafuta mshahara kwenye dhahabu ya Lupa, Chunya, na kwenye migodi ya shaba ya Zambia. Rika halikai pamoja ikiwa nusu yake iko safarini.

Kwingineko kipimo ni kingine kabisa. Kwa Wahamar wa kusini mwa Ethiopia kijana hukimbia juu ya migongo ya ng'ombe waliopangwa mstari. Kwa Wayahudi mvulana wa miaka 13 husimama kusoma Torati mbele ya waumini. Kwa Waxhosa wa Afrika Kusini kuna ulwaluko, unaofanana na jando la kusini mwetu, na vijana hupakwa udongo mweupe; huko pia ndiko vifo vingi vimeripotiwa. Vinavyoua vinajulikana: bendeji iliyokazwa mpaka damu haifiki na nyama inaoza, kisu kimoja kwa wengi, kidonda kuingia vijidudu, na kijana kunyimwa maji akiambiwa ni uvumilivu. Hayo yote yanazuilika bila kugusa wimbo hata mmoja.

Tohara ya hospitali ilitufikia kwa njia tofauti. Utafiti uliofanyika Kisumu (Kenya), Rakai (Uganda) na Orange Farm (Afrika Kusini) ulionyesha kwamba inapunguza uwezekano wa mwanaume kuambukizwa VVU na mwanamke kwa takribani asilimia 60, na mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza. Tanzania ilianza huduma hiyo mwaka 2009, Iringa na Mbeya zikiwa miongoni mwa mikoa ya mwanzo. Watu walijaa zaidi Juni hadi Agosti, wakiamini kidonda hupona haraka wakati wa baridi. Kidonda kikitunzwa hupona msimu wowote; faida ya miezi hiyo ni likizo ya shule na mavuno yaliyokwisha kuingia ndani.

Mzazi ajue haya. Kabla ya kukata, mwambie mhudumu kama kwenu kuna ugonjwa wa damu isiyoganda, au kama tundu la mkojo la mtoto liko upande wa chini. Huyo wa pili asitahiriwe mpaka daktari bingwa amwone, kwa kuwa ngozi ile huenda ikahitajika kumrekebisha. Uliza pia chanjo ya pepopunda. Ganzi huchomwa kwenye shina la uume, na kazi yenyewe ni kama nusu saa. Bendeji hutolewa baada ya saa 48 kwenye kituo, kisha anarudi siku ya saba. Kuosha ni maji safi na sabuni ya kawaida. Majivu, majani na unga wa dawa za mtaani ndivyo vinavyoleta pepopunda na usaha. Akojoe kabla ya kulala, maana uume ukisimama usiku nyuzi huvutwa. Tendo la ndoa ni baada ya wiki sita: wiki ya tatu ngozi inaonekana imefunga, lakini ndani bado ni laini, na hapo ndipo virusi hupita kwa urahisi.

Lakini hospitali haina kungwi. Inatoa ushauri wa dakika chache kuhusu kondomu na kidonda, basi. Kijana anarudi akiambiwa na wenzake kijiweni kwamba sasa ni mwanaume kamili na tena hawezi kupata VVU, na hakuna mtu mzima aliyemweleza kuwa asilimia 60 si mia. Wiki ile ya kwanza, anapokaa ndani na shuka lake, hana shule wala ng'ombe wa kuchunga. Ndiyo wiki ya kumwita babu, mjomba au baba mdogo anayeaminika, aje jioni baada ya jioni, waote moto pamoja, wazungumze bila baba mzazi kuwepo, maana kuna maswali ambayo mtoto wa kwetu hawezi kumuuliza baba yake.