Kushuka kwa viungo vya nyonga: kutoka wavu wa plastiki hadi tishu inayojengwa na mwili wenyewe

"Daktari, kuna kitu kinashuka." Wanawake wengi huanza hivyo katika chumba cha uchunguzi, tena kwa sauti ya chini. Wapo wanaosema kizazi kimetoka, na wapo wanaosema wanapoketi huhisi kama wamekalia mpira mdogo. Wengi wamevumilia kwa miaka kabla ya kumwambia mtu yeyote, wakidhani ni malipo ya kuzaa au ni uzee tu. Nianze basi na hili: kushuka kwa viungo vya nyonga ni ugonjwa wa misuli na tishu, wenye sababu zinazojulikana na wenye matibabu. Pia si fistula. Fistula ni tundu linalopitisha mkojo au kinyesi ukeni. Hapa hakuna tundu. Kilicholegea ni ukuta na vishikizo vyake.

Chukua mfano wa kitanda cha kamba. Fremu ni mifupa ya nyonga. Kamba ni misuli ya sakafu ya nyonga pamoja na kano na tando zinazofunga mji wa mimba, kibofu cha mkojo na puru (sehemu ya mwisho ya utumbo mkubwa) mahali pake. Kamba zikilegea upande mmoja, aliyelala huzama upande huo. Ukuta wa mbele wa uke ukilegea, kibofu ndicho kinachojitokeza. Ukuta wa nyuma ukilegea, ni puru. Vishikizo vya juu vikiachia, mji wa mimba wenyewe hushuka. Kujifungua kwa njia ya kawaida, hasa pale misuli inapochanika au kuachia mfupa, ndiyo sababu kubwa. Umri, ukomo wa hedhi, uzito mkubwa, kikohozi cha muda mrefu na kujikamua chooni mwaka baada ya mwaka huongeza mzigo juu ya kamba hizo.

Lakini kamba yenyewe imesokotwa kwa nini? Kwa nyuzi za kolajeni, zinazoipa tishu uimara, na za elastini, zinazoiwezesha kunyumbuka na kurudi. Seli ziitwazo faibroblasti huzitengeneza nyuzi hizo, huzibomoa na kuzitengeneza tena maisha yote. Panya waliozalishwa bila jeni ya LOXL1, ambayo husaidia kufunga nyuzi za elastini pamoja, hushukwa na viungo vya nyonga baada ya kuzaa. Jambo hilo lilitufundisha kwamba mwanamke anaweza kujifungua kama wenzake na bado akaumia kuliko wao, kwa kuwa mwili wake hukarabati nyuzi hizo kwa udhaifu. Ndiyo maana pia upasuaji wa kushona tishu ileile iliyolegea, ingawa huwasaidia wengi, wakati mwingine haudumu. Mshono ni mzuri, kitambaa ni chakavu.

Hapo ndipo madaktari walipofikiria kuongeza kitambaa kipya. Walichukua wavu wa polipropilini, plastiki iliyokuwa ikitumika kwa miaka mingi katika upasuaji wa ngiri, wakaanza kuupachika kupitia ukeni. Mawazo yalikuwa ya busara: kilicho dhaifu kiimarishwe. Kilichofuata kiliwaumiza wanawake wengi. Kwa baadhi yao wavu ulitokeza kwenye ukuta wa uke, ukasababisha maumivu ya kudumu, maumivu wakati wa tendo la ndoa, na upasuaji wa kuuondoa ambao ni mgumu kuliko ule wa kuuweka. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa tahadhari mwaka 2008 na tena 2011, ikauweka wavu huo kwenye daraja la hatari kubwa mwaka 2016, na Aprili 2019 ikaamuru watengenezaji waache kuuza wavu wa kuwekwa kupitia ukeni kwa ajili ya tatizo hili. Uingereza ilisitisha matumizi yake Julai 2018. Wavu unaowekwa kupitia tumboni, kuushikiza uke kwenye mfupa wa chini ya mgongo, ni upasuaji tofauti na bado unafanyika kwingi. Anayeshauriwa kuufanyiwa asidhani ni kitu kilekile.

Nakaa kwenye kisa hiki kwa makusudi, kwa sababu utafiti wote ninaoueleza hapa chini umejengwa juu yake. Wavu ulikuwa na nguvu, tena kupita kiasi. Ukuta wa uke ni mwembamba na hunyumbuka. Ukiufunga kwenye kitu kigumu, kigumu ndicho kinachobeba mzigo wote, na tishu iliyoachwa bila kazi hudhoofika kama misuli ya mguu uliokaa ndani ya plasta. Juu ya hapo, mwili haukuacha kuupiga vita wavu. Seli za kinga ziitwazo makrofaji huja kwenye kila kidonda. Zikitulia, hugeuka kuwa mafundi na kusimamia ujenzi wa tishu mpya. Zikiendelea kukasirishwa na plastiki isiyoondoka, huendelea kuchoma, na matokeo ni kovu gumu linalovuta.

Swali likabadilika. Badala ya kuuliza ni kitu gani chenye nguvu tukiweke mwilini milele, watafiti wakauliza ni kitu gani tukiweke kwa muda, mwili ukijengee juu yake, kisha kitoweke. Huo ndio uhandisi wa tishu, fani ambayo watafiti wa Marekani Robert Langer na Joseph Vacanti waliieleza kwa mapana katika jarida la Science mwaka 1993. Hutegemea mambo matatu: kiunzi, seli, na ishara zinazoziambia seli la kufanya.

Kiunzi ni kama jukwaa la miti ambalo mafundi husimama wakijenga ukuta. Namna moja ya kukitengeneza ni kuvuta myeyusho wa polima, yaani molekuli ndefu kama zile za plastiki, kwa umeme wa volti nyingi hadi utoke nyuzi nyembamba mno kuliko unywele, zikatandazwa kama utando unaofanana na mazingira ya asili ya seli. Polima hizo, kama asidi ya polilaktiki, huyeyuka taratibu mwilini. Watafiti wa Sheffield, Uingereza, wamekwenda mbele kidogo: wametengeneza viunzi vinavyoachia estradioli, homoni ya kike inayopungua baada ya ukomo wa hedhi, ili kuchochea mishipa midogo ya damu na utengenezaji wa kolajeni pale pale inapohitajika. Njia nyingine ni kuchukua tishu ya mnyama, kuosha seli zake zote na kubakiza nyuzi tupu.

Kuhusu seli, kazi inayonivutia zaidi ni ya Melbourne, Australia, ikiongozwa na mtafiti Caroline Gargett. Utando wa ndani wa mji wa mimba hubomoka na kuota upya kila mwezi, mamia ya mara katika maisha ya mwanamke. Kitu kinachoota upya namna hiyo lazima kiwe na seli shina, yaani seli mama zinazoweza kuzaa seli za aina nyingine, na kweli zimepatikana. Huweza kuchukuliwa kwa kipande kidogo cha utando huo bila kumlaza mgonjwa kwa dawa ya usingizi. Zilipopandikizwa kwenye panya pamoja na wavu laini zaidi uliopakwa jelatini, uvimbe wa muda mrefu unaoletwa na seli za kinga ulipungua na kolajeni mpya ikajengeka. La ajabu ni kwamba seli zenyewe zilitoweka ndani ya wiki chache, lakini faida ikabaki. Inaelekea hazikujenga ukuta kwa mikono yao. Zilituliza makrofaji na kuziachia seli wenyeji za hapo kazi.

Je, tishu iliyotengenezwa maabara imewahi kudumu sehemu hizi za mwili wa binadamu? Ndiyo, kwa tatizo lingine. Mwaka 2014 timu ya daktari Anthony Atala wa Marekani iliripoti katika The Lancet kuhusu wasichana wanne waliozaliwa bila uke kamili. Walijengewa uke kwa seli zao wenyewe zilizooteshwa juu ya kiunzi, na miaka kadhaa baadaye viungo hivyo vilikuwa vikifanya kazi. Ni habari ya kutia moyo, ila tusiivute kupita mahali pake. Ukuta huo haukutakiwa kubeba uzito wa viungo vya tumbo kila mtu anapokohoa.

Na uzito ndio mtihani. Kiunzi kikiyeyuka mapema, mzigo unaangukia tishu changa. Kikichelewa, tunarudi kwenye kisa cha wavu. Seli zikitoka kwa mgonjwa mwenyewe, huenda zina udhaifu uleule uliomfikisha hospitali. Panya na kondoo hutembea kwa miguu minne, kwa hiyo uzito wa viungo vyao hauielemei sakafu ya nyonga kama kwetu, ingawa kondoo wana manufaa kwa kuwa wao pia hushukwa. Tena madhara ya wavu mengine yalijitokeza miaka baada ya upasuaji. Majaribio ya tiba hizi kwa wanawake lazima yawafuatilie kwa miaka, na yawaulize juu ya maumivu na maisha ya ndoa, si kupima tu kiungo kimeshuka sentimita ngapi.

Kwa hiyo uhandisi wa tishu bado si tiba ya kawaida ya kushuka kwa viungo vya nyonga. Ukiambiwa kuna sindano ya seli shina itakayokurudishia kizazi mahali pake, uliza kama ni jaribio lililosajiliwa na kupitishwa na kamati ya maadili, na kwa nini unatozwa pesa kushiriki. Mazoezi ya sakafu ya nyonga chini ya usimamizi wa mtaalamu wa fiziotherapia hupunguza dalili, hasa hatua za mwanzo. Pesari, pete laini inayowekwa ukeni kushikilia viungo, huwatosha wanawake wengi kwa miaka. Upasuaji upo kwa anayeuhitaji. Asiye na usumbufu wowote anaweza kusubiri na kuangaliwa tu.

Nenda hospitali siku hiyohiyo ukishindwa kabisa kukojoa, au kilichotoka nje kikivimba, kikibadilika rangi na kukataa kurudi. Kidonda juu yake, au damu baada ya hedhi kukoma, vichunguzwe bila kusubiri.