Askari wa Keya: tunayosimuliwa na yaliyotokea

Simama kwenye Sanamu ya Askari, katikati ya Dar es Salaam, umuulize mpita njia yule ni askari wa nani. Wengi watakwambia ni wa Mjerumani. Si kweli. Waingereza ndio walioisimamisha mwaka 1927, kuwakumbuka Waafrika waliopigana upande wao katika Vita vya Kwanza vya Dunia, wakiwemo askari wa King's African Rifles, ambao wazee wetu waliwaita Keya. Mtazame kwa karibu: amepiga hatua mbele, bunduki mikononi, singe iko tayari.

Hata hivyo, batalioni ya 6 ya Keya iliundwa mwaka 1917 kwa kuandikisha mateka waliokuwa askari wa Mjerumani. Mtu aliyemtumikia Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani Afrika Mashariki, jana, leo anatumwa kumwinda.

Wengine husema Keya lilikuwa jeshi la Kenya. Hili huniuma, maana linawafuta watu. Kikosi kilizaliwa 1 Januari 1902, na batalioni za 1 na 2 zilitoka Nyasaland, Malawi ya leo. Ya 3 ilikuwa ya Kenya, ya 4 ya Uganda. Vita vilipoanza 1914 zilikuwa zimebaki batalioni tatu tu; hadi 1918 zilifika 22, na askari zaidi ya 30,000.

Wala usiwachanganye na wapagazi. Kariakoo ya Dar na Kariokor ya Nairobi ni Carrier Corps, yaani kikosi cha wapagazi, kama lilivyotamkwa jina hilo na midomo yetu. Wapagazi hawakupewa bunduki. Walibeba unga, risasi na majeruhi, wakafa kwa makumi ya maelfu, na kilichowaua zaidi ni kuhara damu, malaria na njaa, si risasi. Maandishi ya sanamu ya Nairobi yanawaita miguu na mikono ya jeshi. Kila tunapokwenda sokoni tunawataja bila kujua.

Kuhusu mwisho wa vita, tarehe 11 Novemba 1918 ni ya Ulaya. Huku habari zilimfikia Lettow-Vorbeck tarehe 13, karibu na mto Chambeshi katika Zambia ya leo, na akasalimu amri Abercorn, yaani Mbala, tarehe 25.

Lakini dhana inayowavunjia heshima kuliko zote ni kwamba katika Vita vya Pili Keya walilinda maghala tu. Walipigana na Waitaliano Ethiopia, wakaenda Madagaska mwaka 1942, kisha Burma. Huko, mwaka 1944, Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliwafukuza Wajapani katika bonde la Kabaw wakati wa masika. Njia ziligeuka tope, malaria ikawaandama, chakula kikadondoshwa na ndege. Walisonga hivyo hivyo, na Desemba walikuwa Kalewa, ukingoni mwa mto Chindwin. Waruhiu Itote, ambaye baadaye Mau Mau walimwita Jenerali China, alikuwa koplo katika vita hivyo vya Burma.

Idi Amin hakuwepo. Alipenda kujigamba kwamba alipigana Burma, na mpaka leo wapo wanaorudia, lakini aliingia Keya mwaka 1946, vita vimekwisha, akianzia jikoni kama msaidizi wa mpishi.

Tena wako wanaodhani JWTZ, Jeshi la Wananchi wa Tanzania, ni Keya iliyobadilishwa jina. Batalioni ya 6 ilipigana Colito, Ethiopia, Mei 1941, na kambi yao ya Dar es Salaam ikapewa jina hilo. Baada ya uhuru wakawa Tanganyika Rifles. Januari 1964 wakaasi, kikosi kikavunjwa, na Septemba mwaka huo likaundwa jeshi jipya. Kambi ya Colito sasa ni Lugalo, jina la mahali Wahehe walipokiangamiza kikosi cha Wajerumani mwaka 1891.