Unalinganisha na nini?

Nafundisha mbinu za utafiti katika chuo kimoja hapa Tabora, na kwa kuwa walimu wa somo hili ni wachache, mapendekezo ya idara zote huishia mezani kwangu. Leo nasoma la binti anayetaka kuchunguza jinsi ngano zinavyosimuliwa upya Isevya na Kwihara. Kesho linakuja la kijana wa elektroniki anayetaka kuandika juu ya upimaji wa chipu za kompyuta. Wenzangu hunionea huruma. Mimi sioni taabu, kwa sababu swali langu la kwanza kwa wote wawili ni lilelile: unalinganisha na nini?

Wanafunzi wengi huliona kama mtego. Hujibu haraka, "Dokta, nalinganisha matoleo mbalimbali," au "nalinganisha chipu nzima na chipu mbovu." Hapo ndipo kazi inapoanza, maana majibu hayo yote mawili yamebeba dai ambalo mwenyewe hajalikagua.

Nianze na ngano, ambazo watu hudhani ni mada nyepesi ya kumalizia shahada. Chukua kisa cha kima na papa. Kima anakaa kwenye mti mkubwa ulioinamia bahari, anamrushia papa matunda kila siku, urafiki unakolea, papa anamwalika kwao. Wakiwa katikati ya maji ndipo anamtobolea siri: sultani wetu mgonjwa, na dawa yake ni moyo wa kima. Kima hashtuki. Anasema, mbona hukuniambia mapema, sisi makima tukitembea mioyo tunaiacha mtini, turudi tuufuate. Wakirudi anaruka juu, na papa akimwita anamjibu kwa kumsimulia kisa cha punda wa dobi, yule aliyeponea makucha ya simba mara ya kwanza kisha akarudi kwa miguu yake mwenyewe. Edward Steere, aliyekuwa mmisionari na baadaye askofu, alikikusanya kisa hiki Zanzibar na kukichapisha London mwaka 1870.

Sasa fungua Panchatantra ya Bara Hindi, ambayo ni ya kale kuliko mkusanyo wa Steere kwa zaidi ya miaka elfu moja. Kisa ni kilekile, na hata kisa cha punda kimo tumboni mwake. Ila kule rafiki msaliti ni mamba, na anayeutaka moyo si sultani bali mke wa mamba. Katika Kalila wa Dimna, tafsiri ya Kiarabu ya Ibn al-Muqaffa ya karne ya 8, mamba amekuwa kobe. Na anayemhadaa punda, ambaye kwa Wahindi ni mbweha, Zanzibar amekuwa sungura. Nani mwingine angefaa? Msimulizi wa Kiswahili akitafuta mnyama mjanja hapepesi macho, anamwita sungura.

Mwanafunzi akishayasoma haya huandika sentensi ambayo mimi huipigia mstari mwekundu bila kukosa: "Wasimulizi wa Zanzibar walimbadili mamba kuwa papa." Nani kakuambia walianza na mamba? Huenda walikisikia kisa kwa mtu aliyekipata kwa Kiarabu, kwa hiyo walianza na kobe. Huenda kilipita kwa baharia ambaye tayari alikuwa ameweka papa, na mtu wa Zanzibar hakubadili chochote. Kitenzi "kubadili" kinadai kwamba kuna toleo la awali unalolijua, na kwamba huyu msimulizi alilijua. Ngano ya mdomo mara chache itakupa hakika hiyo.

Tukija huku kwetu mambo yanazidi kunoga. Tuseme bibi mmoja wa Kwihara anakisimulia kisa hiki akiwa na mamba wa mto Malagarasi badala ya papa. Je, amelirudia toleo la Kihindi? Hapana. Papa hatumjui huku, mamba tunamjua, basi. Mfanano wake na Panchatantra ni wa sadfa, japo kwenye jedwali la mtafiti utaonekana kama ushahidi wa nasaba. Na kisa chenyewe kimemfikiaje? Karne ya 19 njia ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita hapa Tabora hadi Ujiji, na wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi waliokuwa wakikaa pwani kwa miezi kisha wakarejea. Kisa kingeweza kupanda nao. Vilevile kingeweza kuingia kwa redio, au kwa kitabu cha shule ambacho mjukuu alikisoma kwa sauti sebuleni. Haya nitayarudia.

Kuna mahali ambapo neno "walibadili" ni halali kabisa. Ndugu Grimm wa Ujerumani walichapisha juzuu ya kwanza ya hadithi zao mwaka 1812. Humo, anayetaka binti mweupe kama theluji auawe ni mama yake mzazi. Toleo la pili, la mwaka 1819, likamfanya mama wa kambo. Wahariri ni walewale, matoleo yote mawili yana tarehe, la awali lipo na unaweza kulishika mkononi. Mtafiti wa usimulizi upya akifanya kazi na maandishi ya namna hii ana asili ya kulinganisha nayo, na anaweza kuuliza kwa nini mama mzazi aliondolewa. Ni swali zuri, na linajibika kwa sababu hiyo.

Pasipo asili, wataalamu wamejaribu njia nyingine. Antti Aarne wa Finland alianza mwaka 1910 kuzipanga ngano kwa aina na namba. Stith Thompson wa Marekani akaipanua orodha, na Hans-Jörg Uther akaifanyia marekebisho makubwa mwaka 2004. Ni orodha muhimu, lakini inaegemea Ulaya mno, na ukiipachika juu ya ngano za Kinyamwezi utahisi kama umevaa koti la mtu mwingine. Kazi iliyonivutia zaidi ni ya Jamshid Tehrani wa Durham, Uingereza, ya mwaka 2013. Alichukua matoleo 58 ya kisa cha binti mwenye kofia nyekundu na jamaa zake, akayachambua kwa vipengele 72, kisha akatumia hesabu ambazo wanabiolojia hutumia kuchora mti wa ukoo wa viumbe. Moja ya matokeo: visa vya Afrika alivyovichunguza vilisogea zaidi upande wa kisa kingine, cha mbwa mwitu na watoto wa mbuzi. Hakuhitaji toleo la awali. Alilinganisha mashahidi wao kwa wao. Shika neno hilo, mashahidi.

Kwa yule kijana wa chipu, mwanzoni, maisha ni rahisi. Yeye asili anayo: mchoro wa saketi. Kila tofauti kati ya chipu na mchoro ni hitilafu, hakuna mjadala, na hakuna anayekuja kuisifu kwa ubunifu. Tofauti inayomfurahisha binti wa ngano ndiyo inayofanya chipu itupwe.

Tabu yake ni kwamba hawezi kuona ndani. Chukua lango dogo la mantiki, yaani kipande cha saketi, lenye viingizo viwili, linalotoa 1 pale tu vyote viwili vinapokuwa 1. Tuseme waya wake wowote unaweza kukwama, ama kwenye 0 ama kwenye 1. Mchanganyiko wa viingizo uko wa aina nne, lakini majaribio matatu yanatosha kuukamata ukwamaji wowote wa namna hiyo: 11, 01 na 10. Jaribio la 00 halikuongezei kitu. Napenda wanafunzi wangu wa fasihi walifanye zoezi hili kwenye karatasi, hata wakinung'unika, kwa sababu linawaonyesha kwamba data nyingi zaidi si lazima ziwe ushahidi zaidi.

Kwenye saketi kubwa huna hiari, lazima uchague. Kijumlishi cha namba mbili za biti 32 kila moja (biti ni tarakimu ya 0 au 1) kina michanganyiko 18,446,744,073,709,551,616. Ukijaribu bilioni 1 kila sekunde, utamaliza baada ya miaka zaidi ya 580. Kwa hiyo mwaka 1966 J. Paul Roth wa kampuni ya IBM alitoa utaratibu wa kutafuta majaribio machache yenye maana, na ndani yake kuna alama moja ninayoiona nzuri kuliko mashairi mengi: D. Maana yake ni "1 kwenye saketi nzima, 0 kwenye saketi mbovu." Herufi moja imebeba pande mbili za ulinganisho. Kazi ya mpimaji ni kuizalisha D mahali penye hitilafu, kisha kuisukuma lango kwa lango hadi itokee kwenye pini ya nje, ambako mashine inaweza kuisoma. Isipofika nje, hitilafu ipo lakini haionekani. Baadaye, miaka ya 1970, wahandisi walianza kuviunganisha vihifadhi vya biti vya ndani ya chipu kuwa mnyororo mmoja wakati wa kupima, ili thamani ziingizwe na kutolewa kwa foleni. Yaani chipu ikaanza kubuniwa tangu mwanzo ikiwa tayari kuhojiwa. Dodoso zetu nyingi hazijafika huko.

Halafu ukaja mwaka 1994. Profesa wa hisabati wa Marekani, Thomas Nicely, akiwa katika hesabu zake za namba tasa pacha, aligundua kwamba prosesa (chipu kuu ya kompyuta) ya Pentium inakosea kugawanya. Gawa 4195835 kwa 3145727: jibu sahihi huanza na 1.33382, yenyewe ikatoa 1.33374. Chanzo kilikuwa jedwali la ndani linalotumika kugawanya, ambalo baadhi ya thamani zake hazikuingizwa. Intel, kampuni iliyoitengeneza, ilitenga dola milioni 475 kugharimia balaa hilo. Ninachotaka ukione ni hiki: chipu hizo hazikuharibika kiwandani. Zilifuata mchoro kwa uaminifu, na mchoro ndio uliokuwa na pengo. Mpimaji wa kiwandani anayelinganisha chipu na mchoro angezipitisha zote, moja baada ya nyingine, na kazi yake ingekuwa haina dosari. Alikuwa na jibu zuri kwa swali langu, ila kile alichokuwa akilinganisha nacho hakikuwa kimekaguliwa.

Siku hizi kuna tatizo jipya zaidi. Mwaka 2021 watafiti wa Google, na wengine wa Facebook, walieleza juu ya prosesa zinazopita vipimo vyote vya kiwandani, zinaingia kazini, kisha mara mojamoja zinatoa jibu lisilo sahihi bila kutoa onyo lolote. Google walikadiria ni chache katika kila mashine elfu kadhaa. Mashine inaendelea na kazi, hakuna anayeshtuka. Zinakamatwaje? Njia mojawapo ni kuifanya hesabu ileile kwenye prosesa nyingine na kuona kama majibu yanalingana. Mambo yamegeuka: kijana wa chipu sasa naye hana asili mkononi, ana mashahidi. Yuko palepale alipo binti wa ngano.

Na mashahidi wana kanuni yao. John von Neumann aliandika mwaka 1956 jinsi ya kupata mashine ya kutegemewa kutoka kwenye vipuri visivyotegemewa: weka nakala kadhaa, zipige kura, walio wengi washinde. Hesabu hiyo inashika iwapo tu kila nakala hukosea kivyake. Pentium tatu za mwaka 1994 zingepiga kura kwa kauli moja, na zote zingekosea.

Rudi kwa bibi wa Kwihara. Binti amerekodi wasimulizi kumi. Saba wanasema papa, watatu wanasema mamba. Anaandika kwamba papa ndilo toleo lililoenea Tabora. Lakini kama wale saba wamelipata kisa kwenye kitabu kimoja cha shule, hana mashahidi saba. Anaye mmoja, na huyo ni kitabu. Watatu wa mamba, kama walisikia kwa watu tofauti na katika vijiji tofauti, ni wazito zaidi. Wahakiki wa miswada ya kale walilijua hili zamani: nakala kumi zilizonukuliwa kutoka mswada mmoja huhesabiwa kuwa moja, na mara nyingi ni kosa lililorudiwa kwenye nakala zote ndilo linalofichua kwamba zilitoka mahali pamoja.

Kwa sababu hiyo nimeibadilisha fomu ya kurekodi ninayowapa wanafunzi wa fasihi simulizi. Zamani ilikuwa na jina la kijiji, umri, jinsia na lugha. Sasa msimulizi anaulizwa pia alikisikia kwa nani, wapi, alikuwa na umri gani, alisoma hadi darasa la ngapi, na kama amewahi kukiona kisa hicho kitabuni au kukisikia redioni. Anayerekodi aulize hayo baada ya kisa kwisha. Ukiuliza kabla, mzee ataanza kukisahihisha ili kifanane na cha kitabu, na hapo utakuwa umeivuruga data yako mwenyewe. Wanafunzi wa chipu wana safu yao: aina ya prosesa, toleo la kiwandani, joto wakati wa jaribio, na jibu la kulinganishia limetoka kwenye mashine gani. Safu hiyo ya mwisho ndiyo wanayoiacha wazi mara nyingi, na pendekezo lenye safu hiyo wazi hulirudisha bila kusoma ukurasa wa pili.