Kipindupindu Goma: kwa nini najenga mji wa kubuni ndani ya kompyuta

Kila kipindupindu kinapopanda hapa Goma, mashariki mwa Kongo, maneno ni yaleyale: watu wa kartie (mtaa) fulani hawanawi mikono, hawachemshi maji. Maneno hayo yananiudhi, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kuonyesha kwa hesabu kwamba hayatoshi.

Ninachounda ni modeli ya mawakala. Naweka kwenye kompyuta maelfu ya kaya za kubuni, kila moja na mahali pake, kipato chake cha siku na umbali wake hadi robine, yaani bomba la maji la umma, au ziwani. Kisha nazipa kanuni chache. Pesa ikitosha, nunua maji kwa mwenye chukudu, ile skuta ya mbao ya kubebea mizigo. Foleni ya robine ikizidi, mtume mtoto Ziwa Kivu. Hakuna mstari hata mmoja unaosema maskini augue. Naziacha siku zipite, tofauti inajitokeza yenyewe.

Njia hii ina historia. Mwaka 1971 mwanauchumi Thomas Schelling alionyesha kwamba upendeleo mdogo tu wa kukaa karibu na wanaofanana nawe unaweza kuugawa mji mzima, bila yeyote kukusudia hivyo. Mwaka 2011 mtafiti wa afya ya jamii Amy Auchincloss na wenzake walitumia modeli ya aina hii kwa chakula, wakaona kwamba kaya za wenye nacho na maduka ya chakula bora kukaa mbali na kaya za wasio nacho kunatosha kuleta tofauti ya mlo kati ya wenye nacho na wasio nacho.

Kwetu jambo lenyewe ni maji. Viwango vya kibinadamu vya Sphere vinataka angalau lita 15 kwa mtu kwa siku. Familia ya watu saba inahitaji lita 105, yaani bidoni tano za lita 20 na bado hazijatosha. Kila bidoni iliyojaa ina kilo 20, nayo hupandishwa mgongoni, kamba ikikaza kwenye paji la uso, juu ya mawe ya lava. Mwamba huohuo hufanya kuchimba choo au kulaza bomba kuwe kazi ngumu na ya gharama.

Pale ufukweni mhudumu hutia klorini ndani ya bidoni kwa bomba la sindano, na maji yanapaswa kungoja nusu saa. Nusu saa hiyo nimeiweka kwenye modeli, kwa sababu si wote wanaoimudu: mwenye akiba nyumbani atangoja, asiye na tone atawapa watoto wenye kiu papo hapo. Mama akiugua, siku ya soko imepotea. Pesa ya maji haipo, kesho ni ziwani tena. Hesabu zinazopima kila sababu peke yake huukosa mzunguko huu.

Ndiyo maana hufanya jaribio lisilowezekana mtaani: naichukua kaya ya kartie ya Ndosho, naihamishia kartie ya Himbi karibu na robine, tabia zake sizigusi. Kwa kanuni nilizoweka, inaugua mara chache zaidi.

Kanuni hizo lazima zipimwe kwa ukali. Daftari la kituo cha afya humwandika aliyefika tu. Aliyefia nyumbani hayumo. Na tangu kambi kubwa za wakimbizi wa ndani zilipovunjwa mapema 2025, ramani ya nani anaishi wapi imebadilika, kwa hiyo kaya zangu nazo lazima zihame. Swali ninaloliendesha sasa ni hili: robine mpya iwekwe palipo na watu wengi zaidi, au pale ambapo kaya nyingi hulala bila akiba ya maji?