Tarehe ya mfadhili si tarehe yako: kuomba ufadhili wa utafiti kupitia chuo

Nafanya kazi katika ofisi ya utafiti ya chuo kikuu kimoja hapa Dar es Salaam. Nakaa na watafiti waliomaliza uzamivu juzijuzi, nasoma maandiko yao ya kuomba ufadhili, napiga nao hesabu za bajeti na kuhangaikia sahihi za wakubwa. Linaloniuma kuliko yote ni andiko zuri kufia mlangoni, kabla halijafika kwa wasomaji wa mfadhili, kwa sababu mwandishi wake alidhani anaomba peke yake.

Septemba moja alinijia mhadhiri kijana wa Unguja anayetafiti kilimo cha mwani. Andiko lake la ufadhili wa Marie Skłodowska-Curie, ule wa Umoja wa Ulaya kwa watafiti wenye uzamivu, lilikuwa limekamilika na zimebaki siku kumi. Profesa wa kumpokea huko Ulaya alikuwa amempata, na walikuwa wakiandikiana vizuri tangu Julai. Hakuwa ameuliza kitu kimoja tu: ofisi ya utafiti ya chuo kile ina utaratibu gani. Alipouliza, wakamjibu kwa upole kwamba orodha ya waombaji wao ilifungwa mwisho wa Mei. Profesa alimwombea, haikusaidia. Mwaka ukapita hivyo.

Ukilielewa jambo hili mapema, mengine yote yanapata nafasi yake: mara nyingi, machoni pa mfadhili, mwombaji ni chuo. Wewe ni mtafiti ambaye chuo kinamleta. Katika Marie Curie ni chuo mwenyeji kinachotia sahihi mkataba na kukuajiri, na ndani ya mfumo wa maombi msimamizi wako ndiye mhusika mkuu, si wewe. Kwa hiyo chuo kinataka muda wa kujiuliza: je, huyu tunaweza kumlipa, kumpa maabara, kumsimamia? Vyuo vingi vya Ulaya hutangaza kati ya Machi na Mei kwamba vinapokea wasifu na muhtasari wa wazo, huchagua, kisha huwafundisha waliochaguliwa namna ya kuandika. Tarehe ya mwisho ya mfadhili huwa Septemba. Yako wewe ni ile ya chuo.

Uingereza mambo ni makali zaidi, na sababu ni fedha. Ufadhili wa Leverhulme kwa watafiti chipukizi hulipa hadi nusu tu ya mshahara kwa miaka mitatu. Sehemu inayobaki inatoka mfukoni mwa chuo. Hapo utaelewa kwa nini vyuo vinashindanisha waombaji ndani kwa ndani wakati wa vuli, ilhali mfadhili mwenyewe anafunga Februari. Anayeanza kutafuta chuo Januari amechelewa. Na kabla ya yote, lazima uwe na shahada ya chuo cha Uingereza au uwe tayari na nafasi ya kitaaluma huko. Walimu wetu wengi waliosoma uzamili Leeds au Edinburgh hawajui kwamba huenda mlango huo kwao uko wazi.

Sasa hesabu, maana hapa ndipo watu wanaanguka kimyakimya. Kwa kanuni za mwito wa maombi wa Marie Curie wa 2024, haitakiwi miaka zaidi ya 8 iwe imepita tangu upate uzamivu, na haitakiwi uwe umeishi au kufanya kazi katika nchi unayokwenda kwa zaidi ya miezi 12 ndani ya miezi 36 kabla ya tarehe ya mwisho. Uraia hauangaliwi katika tawi la Ulaya. Mtanzania, Mkenya, Mrundi wote wanaomba. Kipimo cha miezi ndicho mtego. Tuna watu wengi waliosoma uzamivu kwa mtindo wa kwenda na kurudi, miezi minne Uppsala, Sweden, miezi sita nyumbani, tena minne. Wao hujiona ni watu wa Dar. Mfadhili anajumlisha. Masomo yanahesabiwa, likizo fupi haihesabiwi. Mtu akija ofisini kwangu na wazo la kurudi Sweden, namwomba kwanza pasipoti, tunaifungua mezani na kuandika kila muhuri wa kuingia na kutoka. Niliwahi kukuta miezi 13. Tukahamisha wazo kwenda Norway, kwa profesa mwingine, na andiko likawa bora zaidi.

Fedha pia zinahitaji jicho. Katika mwito huo wa 2024, posho ya kuishi iliandikwa euro 5,080 kwa mwezi, ikipandishwa au kushushwa kulingana na gharama za nchi, pamoja na euro 600 za uhamaji na 660 kwa mwenye familia, nazo kwa mwezi. Tafadhali usimtajie mwenzi wako namba hizo kama ndizo zitakazoingia benki. Ndani yake mna kodi yako, michango yako, na hata michango ambayo mwajiri analipa juu yako. Iulize ofisi ya chuo mwenyeji swali moja: baada ya makato yote, mkononi nitapata kiasi gani? Wanalo jibu, na si utovu wa adabu kuuliza.

Barua pepe ya kwanza kwa profesa ni kitu ninachokikazia sana. Nyingi ninazoletewa zinaanza hivi: "Mheshimiwa Profesa, mimi ni mtafiti mwenye bidii, natafuta nafasi katika maabara yako tukufu." Profesa anapokea kama hizo kila siku na hazisomi. Yule dada wa mwani, safari yake ya pili, tulimsaidia kuiandika upya barua yake, na kiini chake kilikuwa hiki:

"Zanzibar wakulima wa mwani, wengi wao wanawake, wanaupoteza mwani aina ya kotonii maji yakipata joto, wanabaki na spinosamu wenye bei ya chini. Nimefuatilia mashamba ya pwani ya mashariki ya Unguja na nina vipimo vyangu vya joto la maji. Nataka kujua kama kotonii ukipandwa kina kirefu unaponea ugonjwa wa kupauka. Kazi yako ya jenetiki ya mwani mwekundu ndiyo ninayoikosa. Chuo chako kinafunga lini orodha ya waombaji wa Marie Curie, na je, ungekuwa tayari kuongea nami nusu saa?"

Sentensi hizo tano zinaonyesha swali, alichonacho mkononi, anachokikosa, na kwamba anajua chuo kina tarehe yake. Alijibiwa baada ya siku mbili.

Ukishapata mwenyeji, unaandika kurasa 10. Kinachozidi hakisomwi. Ubora wa kisayansi una asilimia 50 ya alama, manufaa 30, utekelezaji 20. Watafiti wetu wanajaza ubora, wanachoka, kisha kwenye manufaa wanaandika kwamba utafiti utapunguza umaskini Afrika. Msomaji anataka kwanza kujua wewe utabadilika vipi: utajifunza mbinu gani ambayo leo huijui, kwa nani, mwezi gani, na utarudi nayo kufanya nini. Kwa mwani, jibu halisi lilikuwa kujifunza kutambua aina za mwani kwa vinasaba na kuja kuanzisha huduma hiyo Unguja. Hilo linaaminika.

Kuna la kuogopa hapa: kwa kanuni hizo za 2024, ombi likipata chini ya asilimia 70, huruhusiwi kurudi mwaka unaofuata na chuo kilekile. Kwa hiyo usitume rasimu ya kujaribu bahati. Kwenye mwito huo waliomba watu 10,360, wakapata 1,696. Ushindani ni mkali, lakini wanaopata wapo.

Si lazima uende mbali pia. Kwa wa sayansi za afya na uhai, ufadhili wa Wellcome, mfuko wa hisani wa Uingereza, kwa watafiti chipukizi unakubali taasisi za nchi zetu kuwa mwenyeji, unalipa mshahara wako na hadi pauni 400,000 za utafiti, kwa kawaida kwa miaka 5. Ila nako ombi lako haliendi moja kwa moja kwa mfadhili. Linakwenda kwanza kwa afisa aliyeidhinishwa wa taasisi yako, naye ndiye anayelipeleka. Akiwa safarini Dodoma siku ya mwisho na hujamwambia, limelala. Mpe andiko wiki mbili kabla, umpigie simu, ujue na anayekaimu ni nani.

Jambo dogo la saa: Marie Curie hufunga saa kumi na moja jioni ya Brussels, ambayo mwezi Septemba ni saa kumi na mbili jioni kwetu. Mimi nawataka watu wangu wawe wamebonyeza kitufe siku mbili kabla. Unaweza kutuma, kurekebisha na kutuma tena hadi dakika ya mwisho. Mfumo unachukua lile la mwisho. Kwa hiyo hakuna sababu ya kusubiri, na umeme wetu tunaujua.

Yule dada safari hii alianza Machi. Barua ya kukubaliwa na chuo aliipata Mei, na jana jioni tulikuwa ukurasa wa saba, tukibishana kama jedwali la miezi liwe na safu ya kibali cha utafiti. Nimemwambia liwe nayo, maana sampuli zinatoka kwetu na kibali hakitoki kwa siku moja. Anarudi Alhamisi.